Maua ya Machungwa ya Maman Lucie

Kutulia ni kazi ya watu wenye nyumba yao iko kwa tambarare. Mimi Eulalie, nyumba yangu iko kwa mulima. Nyuma ya chumba ya kulala udongo inaendelea hatua chache tu, kisha inakatika, na chini pale ni paa ya Maman Lucie, jirani yangu. Kila mvua ilikuwa inakula ile kipande ya nyuma kidogo kidogo. Wingu ikitokea tu upande wa muto Ruzizi, mimi natoka kuangalia kama udongo bado iko. Naingia, natoka tena. Hata sufuria jikoni ilikuwa inaungua sababu ya kuingia na kutoka.

Mungu anajua, sikuwa naogopea mabati. Nilikuwa naogopea Papa Léopold, bwana yangu. Tangu ugonjwa imupige upande moja, hasimami bila mimi kumushika kwapani, na kitanda yake iko ndani ya ile chumba ya nyuma. Nilimuambia, "Papa, nakuhamisha salon." Akakataa na mukono yake moja yenye bado inamusikia. Anataka dirisha yake, anataka kuona ziwa. Haya! Ukuta ikienda, yeye anaenda nayo, na mimi nabaki nimeshika pazia.

Ndipo nikasikia kwa radio kwamba kuna maua yenye mizizi inashika udongo. Wenye kusoma wanaiita hémérocalle, sisi tunasema maua ya siku moja, sababu inafunguka asubuhi, jioni imekufa, na kesho ingine inafunguka kando yake. Nikashuka siku ileile kwa Jacques, mwenye anauzaga miche kando ya barabara ya Muhumba.

"Jacques, nipe ya kushika udongo."

"Ya kushika udongo ni hii ya rangi ya machungwa, maman. Inatembea chini kwa chini, haiombi mutu ruhusa. Mwaka kesho mulima wako wote..."

"Hiyo? Hiyo si ndiyo imejaa kwa Maman Lucie! Tayari inapita chini ya uzio yangu!"

Kwetu Bushi mutu hapandi kitu kwa mupaka burebure. Kupanda ni kusema hapa ni kwangu. Wazee walikuwa wanasimika muti na kesi inaisha. Kwa hiyo yale machungwa ya Lucie, vile ilikuwa inatokeza vichwa upande wangu, mimi sikuona maua. Niliona mukono ya mutu ndani ya mufuko yangu.

Jacques akakuna kichwa, akaanza kunionyesha ingine. Kulikuwa nyekundu yenye koo ya manjano. "Lakini hii wakati wa kiangazi inapoteza majani, udongo inabaki uchi." Nikasema hapana. Kulikuwa ya rangi ya rose, imekunjwakunjwa pembeni kama robe ya bibi-arusi. Nikaishika, nikaiacha, nikaishika tena. Kisha nikaona moja ya rangi ya divai ya misa, nyeusi karibu, na majani yake haikauki mwaka muzima.

"Hii, maman, nisikudanganye, haitembei. Unaiweka hapa, inakaa hapa. Ni ya kuangalia."

"Haina mizizi?"

"Iko nayo."

"Basi unaongea nini!"

Niseme vile ilikuwa: nilichagua ile yenye Lucie ataiona vizuri toka chini kwake.

Kesho yake nikashika jembe. Machungwa yote yenye ilikuwa imepita uzio, nikang'oa. Ilikuwa inakataa kutoka, wee! Unavuta moja, inakuja na kamba ya mizizi, na kamba inakuja na udongo. Papa Léopold akapiga dirisha toka ndani. "Acha," akasema. Siku hizi neno moja kwake ni safari.

"Niache nini? Unamutetea mwizi?"

Nikaendelea mpaka mugongo ikakataa, nikaacha kipande ya kona. Zile nimeng'oa nikazitupa chini, kupita juu ya uzio. Nikasikia sauti ya Lucie: "Maman Eulalie, unatupa nini kwangu?"

"Vitu yako!"

Nikapanda divai yangu, mustari moja muzuri kama watoto wa komunyo, nikanawa mikono. Nilifikiri sasa nitatulia. Thubutu! Nilikuwa naenda kugusa kila muche kama imeshika. Ua ya kwanza ilipofunguka nilisimama pale asubuhi nzima nikikohoa kwa nguvu, ili Lucie ainue macho. Alikuwa anafua, hakuinua.

Mvua ikaja saa ya mchana, niko natwanga majani ya sombe. Si mvua ya kunyesha, ni mvua ya kumwagwa. Nikatupa mutwangio, nikamubeba Papa Léopold kwapani, yeye anagombana, mimi nagombana, miguu yake inaburuzika, mpaka salon. Hapo nikasikia kishindo, nyumba ikatetemeka chini ya miguu yangu.

Ilipopungua nikatoka nyuma. Mustari yangu haikuwako. Uzio haikuwako. Udongo ilikuwa imekatika mpaka karibu na musingi, unaweza kuona mawe yake. Kwa kona tu, pale mugongo ilikuwa imenishinda, udongo ilikuwa imebaki, na machungwa ya Lucie imesimama juu yake.

Wengine wangepiga magoti. Mimi nikashuka na hasira, sababu hasira ndiyo ilikuwa karibu. Nafika chini, naona nini? Miche yangu ya divai, moja, mbili, iko imesimamishwa ndani ya bidon ya maji iliyokatwa, kando ya mulango wa Lucie.

"Sasa unachukua na maua yangu!"

Lucie alikuwa na matope mpaka mapajani, chepe mukononi. Hakupiga kelele. Akanishika mukono, akaniingiza ndani, akanipeleka chumba ya nyuma. Ukuta ilikuwa imelala. Matope ilikuwa imejaa juu ya kitanda kidogo, na juu ya matope ilikuwa kipande ya uzio yangu.

"Aganze analala hapa," akasema. Aganze ni binti yake wa pekee. "Leo yeye iko kwa masomo. Kila siku unaogopa Papa Léopold ataanguka. Ulishajiuliza ataangukia nani?"

Sikujiuliza. Miaka yote ile ya kuingia na kutoka, hata mara moja. Nikakaa juu ya ile matope, nikalia kama mutoto.

Lucie akatoka, akarudi na gunia iliyolowa. Akaifungua. Ilikuwa machungwa yake yenye nilitupa, na mizizi yake yote, bado mabichi.

"Nilikuwa naimwagia maji," akasema. "Nilijua siku moja utashuka. Nilikuwa namuomba Mungu ushuke na miguu."

Tulipanda siku ileile, yeye toka chini, mimi toka juu, mpaka tukakutana katikati. Uzio hatukurudisha. Leo ukiniuliza mupaka iko wapi, siwezi kukuonyesha, yale machungwa imepita kila pahali. Divai iliyobaki iko ndani ya bidon kwa Lucie. Nilimuambia aiache pale, ni ya kuangalia.

Papa Léopold nilimueleza juu ya kitanda ya Aganze. Mwenyewe akaonyesha salon na kidole.

Kutulia, bado. Maua ni maua, mulima ni mulima. Lakini wingu ikitokea sasa, siangalii tena udongo. Nasimama pale nyuma naita, "Lucie ee!" na mara nyingi sijamaliza jina, tayari wako njiani, yeye na Aganze na godoro kichwani, wanapita ndani ya maua pale uzio ilikuwa. Mimi nasogeza kiti ya Papa Léopold pale salon ili godoro ipate nafasi.