Saa Haikusimamishwa

Mfalme alipoanguka, mjinga hakuwa yule aliyemwangusha. Mjinga alikuwa Kinyozi, na leo hata yeye mwenyewe anakubali, ingawa siku ile ungemwambia hivyo usoni angekukumbusha nani kati yenu ameshika wembe.

Mfalme alianguka, akamgonga farasi, na farasi akabingirika hadi ukingoni mwa meza akadondoka kwenye nywele ambazo hazikuwa zimefagiliwa. Aliyewakumba ni Seremala, shemeji yake Kinyozi, kaka wa mkewe. Alikuwa amesukuma kitunda chake, ile kete ndogo ya askari, hadi mstari wa mwisho wa ubao, akainua malkia ili achukue nafasi yake, na hapo ndipo mkono wa kushoto ulipomsaliti. Tangu apigwe na kiharusi, mkono wa kulia ulikuwa umelala kabisa, na huo wa kushoto ukabaki kufanya kazi za mikono miwili. Ulizifanya kwa kutetemeka, kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

Hakuna aliyeshtuka. Katika saluni ile kete zilikuwa zikianguka tangu zamani.

Kila Jumapili wateja walipofungiwa mlango, viti viwili vya kunyolea viligeuzwa vikatazamana, meza ikawekwa katikati, na juu yake ubao wa sataranji. Kete alizichonga Seremala mwenyewe, enzi za mikono yake. Pembeni ilikaa ile saa ya nyuso mbili, uso mmoja wa kila mchezaji: ukisogeza kete unabonyeza kifungo chako, muda wako unasimama, wa mwenzako unaanza kukimbia. Kila uso una kibendera chekundu. Kibendera chako kikianguka, umeshindwa, hata kama ubaoni wewe ndiye sultani.

Sheria zote walizifuata kama zilivyo kitabuni, isipokuwa moja waliyojitungia. Kete zikianguka, yule ambaye si zamu yake ndiye anayenyoosha mkono na kuisimamisha saa, vitu vipangwe kwa utulivu, kisha vita viendelee. Aliyeianzisha ni Seremala, wakati Kinyozi akiwa bado anajifunza mchezo na kuja mezani na vidole vilivyojaa mafuta ya nywele, kete zikimponyoka kama sabuni bafuni.

"Panga taratibu, shemeji," Seremala alikuwa akimwambia, kidole kikiwa tayari kimeisimamisha saa. "Nimekuja kukufunga wewe, si mafuta yako."

Lakini Jumapili hii haikuwa ya kawaida. Timu ya mji ilikuwa inasafiri kwenda mashindanoni na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu. Mwamuzi mgeni alikuwa ameletwa, mtu mkimya mwenye miwani na kitabu cha sheria kilichofunikwa kwa nailoni. Wengine wote walikuwa wameshatolewa. Walibaki mashemeji wawili.

Kinyozi aliitaka nafasi ile kwa uchungu. Umri wake wote alikuwa akivitengeneza vichwa vya watu wanaokwenda mahali: bwana harusi, kijana wa usaili, mzee anayesafiri kumwona mjukuu. Wao waliondoka wakinukia, yeye akabaki na ufagio. Alikuwa ameshawaambia wateja wote kwamba safari hii anaondoka yeye. Mmoja aliambiwa akiwa amejaa povu mdomoni, kwa hiyo hakuweza kubisha.

Seremala naye hakumwambia mtu kitu. Lakini tangu augue, wageni walikuwa wakifika nyumbani kwake na kumuuliza mkewe, "Anaendeleaje?" huku mwenyewe ameketi palepale, kama anayeulizwa habari za kabati. Mbele ya ubao tu ndipo watu walipoendelea kumwogopa.

Na siku ile walikuwa na kila sababu ya kumwogopa. Kinyozi alikuwa amekwisha. Malkia akikaa sawa na kifungo kikibonyezwa, kilichobaki ni mazishi. Mshona viatu, ambaye alitolewa mapema na tangu hapo akawa mtaalamu, alikuwa ameshaanza kumpigapiga mgongoni.

"Pole, jirani. Ile safari yako utaiona kwenye picha."

Kisha kete zikaanguka.

Seremala alimtazama shemeji yake, akatabasamu kidogo kwa ule upande wa uso unaotabasamu, akainama kuokota farasi. Hakuwa na haraka. Feni ya darini ilikuwa ikikwaruza, na chini ya makelele yake saa haikusikika. Alimpuliza farasi nywele, akamweka mahali pake, akamgeuza uso utazame mbele, kwa sababu hakupenda farasi wanaoangalia pembeni. Akamsimamisha mfalme. Mfalme akalala. Akamsimamisha tena.

Ilikuwa zamu ya Kinyozi kunyoosha mkono.

Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Uligundua jambo kabla ya kichwa chake: kwamba saa ya Seremala inakimbia, kwamba Seremala anadhani imesimama, na kwamba anadhani hivyo kwa sababu mtu aliyeketi mbele yake ni shemeji yake. Mwamuzi alikohoa. Kazi yake ilikuwa kutazama, na alitazama. Kwenye kioo kirefu cha ukutani Kinyozi alimwona mtu mmoja ameketi wima, macho yameganda kwenye kibendera chekundu. Aliwahi kuona sura nyingi mbaya kwenye kioo kile, na zote alizipunguza makali kwa mkasi na poda. Ile hakujua aanzie wapi.

Angeweza kusema neno moja tu. Saa. Neno fupi hivyo.

Kibendera kikaanguka.

"Muda," alisema mwamuzi.

"Muda wa nani?" Seremala aliuliza akiwa bado na malkia mkononi.

Aliitazama saa, akautazama mkono wa Kinyozi pale ulipokuwa, juu ya goti, umetulia kama wa mtu anayepigwa picha.

"Aa," akasema. "Kumbe."

Alimweka malkia mezani, akanyoosha mkono wa kushoto. Kinyozi akaushika. Ulikuwa ukitetemeka, na ukaendelea kutetemeka ndani ya wake.

"Hongera," Seremala alisema. "Ukifika huko, usifungue mchezo na farasi wote wawili. Wapinzani wanakuzoea haraka."

Alivaa kofia, akatoka. Mshona viatu akamgeukia Kinyozi.

"Bwana, umecheza," alisema. "Sasa mtafute kipofu, mshindane kutazama."

"Sheria imeandikwa!" Kinyozi akapaza sauti. "Anayeangusha anapanga kwa muda wake. Mimi ndiye niliyeitunga? Muulizeni mwamuzi!"

Mwamuzi alikuwa anafunga kitabu chake kwenye nailoni. "Ni kweli, imeandikwa," alisema, na hakumtazama.

Nyumbani mkewe alikuwa anapiga pasi.

"Imekuwaje?"

"Nimeshinda."

Pasi ikasimama. "Umemfunga kaka?"

"Kwa muda. Muda wake uliisha."

"Uliishaje? Kaka huwa hachelewi."

"Aliangusha kete. Akawa anaokota."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Kinyozi alianza kuvua viatu. Kazi ile ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida. Mkewe aliichomoa pasi, akakunja shati ambalo lilikuwa bado lina mikunjo, akalitia kabatini hivyohivyo. Wiki nzima hawakugombana. Alimpakulia chakula, akamwitikia salamu, akamwita "mshindi" mbele ya watoto kwa sauti ambayo ingekata nywele bila mkasi.

Jumamosi ilipofika, Kinyozi alibeba mfuko wake: brashi, sabuni, wembe, taulo. Kila Jumamosi tangu ugonjwa ule, alikwenda kumnyoa shemeji yake nyumbani. Hakuna mwingine aliyeiweza kazi hiyo. Kidevu cha Seremala nacho kilikuwa na mitetemo yake, ikija na kuondoka, na Kinyozi alikuwa amejifunza kukishika kwa vidole viwili, wembe umesimama hewani, asubiri mtetemo upite ndipo ateremshe mkono. Wakati mwingine walikaa hivyo kitambo, wakizungumzia mambo mengine kabisa. Hakuwahi kumkata hata mara moja.

Siku hiyo alikuwa amevaa jezi ya timu, waliyompa juzi. Njiani aliifunika kwa koti. Alipokaribia mlango alifungua vifungo viwili vya koti, akafikiri, akakifunga kimoja.

"Hodi hapa!"

"Karibu, shemeji."

Seremala alikuwa ameketi dirishani, penye mwanga, mgongo umeuelekea mlango. Mezani palikuwa na beseni la maji yenye rangi ya waridi, na kioo kidogo kimeegemezwa kwenye kikombe. Alipogeuka, Kinyozi aliuachia mfuko ukagonga sakafu.

Uso ulikuwa umenyolewa. Ulikuwa pia umechanwachanwa, kuanzia shavuni hadi chini ya taya, na vipande vya karatasi laini vimebandikwa kila mahali, kila kimoja kikiwa na doa lake jekundu katikati. Chini ya pua kulibaki kishungi cha ndevu kilichokataa kuondoka.

"Nani amekufanya hivi?"

"Nimejinyoa."

"Kwa mkono huo? Shemeji, ungejikata koo!"

"Sikujikata koo."

"Lakini leo si Jumamosi? Mimi si huja kila Jumamosi?" Kinyozi aliokota mfuko, akautua, akauokota tena. "Kama ni kwa ajili ya mchezo, sema. Nitukane, yaishe. Ile ni sheria, sikuiba kitu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ubaoni hakuna shemeji. Hukunifundisha?"

"Nilikufundisha."

"Basi! Sasa haya ya kujichinja yanatoka wapi? Ungenisubiri kidogo tu. Mimi kazi hii naimaliza mara moja. Wewe imekuchukua muda gani?"

Seremala aligeukia kioo chake, akakisogeza taratibu mpaka kikampata vizuri. Akabandua kipande cha karatasi shavuni, akakitazama, akakirudisha.

"Asubuhi nzima," alisema. "Lakini humu ndani hakukuwa na mtu anayeningojea niishiwe muda."