Unga Uliochomwa Mara Mbili

Kiganja chake kilikuwa bado juu ya mlango wa tanuri, naye hakutaka kuamini kilichokuwa kikimwambia. Mlango ulikuwa wa moto. Asubuhi ile ulipaswa kuwa baridi kama sakafu, maana moto aliuwasha jana kabla hajaondoka, na tanuri lile lilijua kazi yake: hupanda polepole, hukaa palepale, kisha hujizima likapoa lenyewe bila kuharakishwa na mtu.

Pale maabara walimwita Mpishi. Zamani alikuwa dobi, kawapigia watu pasi mpaka vidole vikasahau kuungua. Aliletwa pale kufagia tu. Lakini Daktari, ambaye si daktari wa sindano bali wa kusoma, binti ambaye Mpishi angeweza kumzaa, aliona jinsi mama yule alivyo na subira na vitu vya moto, akamfundisha kuchoma unga. Wenzake wakipita humuuliza leo kumepikwa nini, naye huwajibu, “Masizi. Lete sahani.”

Unga wenyewe ulikuwa wa madini ya kutengenezea betri, mweusi, chembe zake ndogo hata jicho halizioni. Huoshwa, hukaushwa, hutiwa kwenye vikombe vyeupe vya kauri na kuingizwa motoni. Ukiiva sawasawa, chembe hubaki na vitundu, na humo ndimo umeme wa jua hukaa kama asali kwenye sega, ukangoja jua lizame. Ukizidishiwa moto, chembe hushikana, vitundu huziba, umebaki na mawe. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mashine ya Daktari ndiyo husema, nayo haijui kubembeleza.

Ndiyo maana palikuwa na sheria ambayo hata mlinzi wa getini aliijua. Tanuri likiwaka, kitambaa chekundu hufungwa kwenye swichi kuu pale ukutani. Ukikikuta, hugusi kitu, hata kama mkubwa mwenyewe anavuja jasho ofisini. Umeme ukikatika katikati kisha ukarudi, tanuri halikumbuki lilipofikia. Huanza tena toka mwanzo, kama mlevi anayesimulia.

Mpishi alienda kutazama swichi. Kitambaa kilikuwepo, kimefungwa vizuri.

Aliyemtoa gizani ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi umeme wa jengo lile. Watu walimwita Sekunde, kwa kuwa kila ukimwita hujibu, “Sekunde moja tu,” kisha humwoni mpaka kesho. Alimkuta ukumbini na bisibisi sikioni, akamweleza huku akicheka, kama mtu anayesimulia alivyojikwaa. Jana jioni mkubwa alitaka kiyoyozi kipya kiunganishwe. Basi yeye akafungua kitambaa, akazima, akaunganisha, akawasha, akakirudisha kitambaa cha watu mahali pake.

“Sekunde moja tu, shemeji. Kuna ubaya?”

Mpishi alimweleza ubaya uliopo. Kicheko kikamkauka usoni. Akaanza kumsihi, oh mimi nina watoto, oh mkubwa ataniruka, hatakubali kwamba ndiye aliyenituma. Mpishi akamwambia aende mwenyewe kwa Daktari, aseme kabla mashine haijasema, maana kosa la kutojua linasameheka. Sekunde akaitikia kwa kichwa. Alienda kweli, tena haraka, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mpishi alipoitwa, alimkuta Daktari ameshika kikombe cha unga, macho mekundu. Unga ule Daktari aliuosha mwenyewe msimu mzima. Sekunde alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, uso wa msibani.

“Mama, unga umechomwa mara mbili,” Daktari alisema. “Fundi anasema alikuona ukibonyeza tena kitufe cha kuanzia. Kweli?”

Mpishi alimgeukia shemeji yake. Sekunde alikuwa anatazama dari, kama kuna taa inayohitaji kubadilishwa. Hasira ilimpanda mama wa watu kuanzia nyayoni. Maneno alikuwa nayo. Lakini alifundishwa tangu utoto kwamba ya nyumbani huamuliwa nyumbani, kwamba humvui ndugu nguo mbele ya wageni. Akajisemea, huyu ana kaka yake, huyu ana mama yake, leo leo watamrudisha hapa aseme kweli. Daktari alingoja jibu, kisha akasema tanuri litatafutiwa mtu mwingine, na kwamba alidhani wao wawili hawafichani kitu. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma.

Nyumbani walikaa kikao. Mume wake, fundi viatu, alikuwa na kiatu cha mtu mapajani na hakukiweka chini. Mamamkwe alikaa mkekani, miguu ameinyoosha. Sekunde alikuja amenyoa ndevu, amebeba sukari, kama mtu aliyeleta posa. Mpishi alieleza yote, bila kuongeza chumvi. Sekunde hakukana hata neno moja. Pale ndani, mbele ya mama yake, alikiri kila kitu, na Mpishi akashusha pumzi akidhani yameisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mamamkwe alisema vizuri, kwa sauti ya kubembeleza mtoto mgonjwa, kwamba limeshatokea. Mwanaume akifukuzwa kazi kwa uongo, nani atamchukua tena? Lakini mwanamke, hata akirudi kufagia, hapungukiwi.

“Wewe ndiye mkubwa hapa, mwanangu. Funika kombe,” alimwambia. “Na usisahau ni nani aliyekuingiza pale.”

“Alinitafutia ufagio, mama,” Mpishi alisema. “Tanuri sikupewa na yeye.”

“Haya basi, tanuri lako limekuzalia nini?”

Lilikuwa tusi, nao wote walilijua, maana Mpishi na mumewe hawakuwa na mtoto. Mpishi alimtazama mumewe. Angesema moja tu, hata agune. Mume alichoma sindano kwenye soli, akavuta uzi, akachoma tena. Sekunde akauliza kama chai ipo.

Chai aliwapikia. Mikono yake ilipika yenyewe, mtu mwenyewe hayupo. Aliwamiminia kila mmoja na kuwapa kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka, na ndani ya kifua akawa anasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hii nimeifua na kuipiga pasi miaka yote. Wao wakaona kunyamaza ni kukubali. Mamamkwe hata akamsifu kwamba chai imekolea.

Asubuhi alitangulia kutoka. Alimkuta Daktari anamwelekeza kijana wa kuosha chupa namna ya kupanga vikombe ndani ya tanuri, na kijana anavigonganisha kama visoda. Mpishi akaomba Sekunde aitwe. Akasema hatafungua mdomo mpaka aje, kwa sababu yeye hasemi watu kisogoni. Sekunde alifika anatabasamu, akidhani amekuja kusikia shemeji yake akiomba radhi.

Mpishi alieleza. Kitambaa, swichi, kiyoyozi, ukumbini, kikao, chai. Sauti yake haikupanda. Ilitoka imenyooka kama mkunjo wa suruali, na kila alipofika penye aibu yake mwenyewe hakuruka. Sekunde alianza kucheka, akasema wanawake wa kwao wakikasirika hutunga, akasema shemeji hakulala vizuri.

“Kwa nini hukusema jana?” Daktari alimuuliza Mpishi.

“Jana nilikuwa shemeji yake. Leo ni mpishi wako.”

Daktari akamgeukia fundi. Sekunde akafungua mdomo, lakini hakumjibu yeye. Alimtazama Mpishi, tena kwa macho ya kuomba.

“Shemeji, sekunde moja, tuongee pembeni…”

“Muulizwa ni wewe,” Mpishi alimwambia. “Pembeni tulishaongea. Nikawapikia na chai.”

Chumba kizima kilimngojea Sekunde. Alijipapasa mifukoni kama aliyepoteza ufunguo. Halafu alitoka, na nyuma yake mlango ukabaki wazi. Daktari hakuomba msamaha, na Mpishi hakumngojea auombe. Daktari alimwambia tu kijana asogee. Mpishi akavitoa vikombe vyote, akaanza kuvipanga upya, kimoja kimoja, kwa hasira ambayo bado haikujua kwamba imeshasema.

Habari zina miguu. Jua lilipokuwa linashuka, alipofika nyumbani, zilikuwa zimemtangulia, zimekaa, zimekunywa maji. Alimsalimia mamamkwe. Mamamkwe akajifunika ushungi usoni, akageukia ukuta. Uani, nguo za Mpishi zilizokuwa kambani zilikuwa zimeanuliwa na kutupwa juu ya kuni, zingali mbichi. Za wengine ziliachwa zikauke.

Hakuziokota. Alipita akaenda mbele ya nyumba, ambako mumewe alikuwa benchini na kazi zake, misumari mdomoni. Alisimama mbele yake, akamzibia mwanga. Alikuwa na maneno ya kumwambia huyu, mengi kuliko ya mdogo wake, maana Sekunde alimsingizia, lakini huyu alisikia kwamba kasingiziwa, akaendelea kushona.

Mume alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja. Hakuinua macho. Kisha akahamisha nyundo, akahamisha kopo la gundi, akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, nusu yake ikining'inia nje.

Nafasi aliyomwachia ilikuwa ya mtu mmoja. Mpishi aliitazama, mkoba bado begani, mguu mmoja mbele.