Kamba Haiuzwi

Elphas aliona baba yake Wawira hatamdharau tena akienda kumposa binti yake kwa gari la mbio, hata kama ni kuukuu, mlango mmoja haufunguki na wa dereva umefungwa kwa kamba. Walipopatana bei, mzee Bundi, mwenye gari, akaifungua kamba, akaikunja.

"Mzee, mlango utaanguka!"

"Mwanangu, hata nikiuza ng'ombe, kamba narudi nayo. Ndiyo baraka ya boma."

Elphas akaingia, akavua tai, akaufunga mlango nayo kwa ndani.

Kule Kianjokoma, baba yake Wawira alilizunguka gari polepole. "Mbona umelivisha gari tai?"

"Aliyeniuzia alitaka kamba yake, baba."

"Ukamwachia?" Mzee akatabasamu. "Kumbe una adabu! Shuka unywe chai."

Elphas akatokea dirishani, kichwa kwanza. Fundo la tai lilikuwa limekaza.