Picha ya Kwenye Chai

Ti-ti-ti-ti. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani gizani, nikajua baba mkwe ameshika chai yake. Umeme ulikuwa umekatika tukiwa mezani. Uliporudi, sauti ilikuwa imekoma, na baba mkwe anapuliza chai taratibu, mama mkwe kambana ubavuni kama kawaida.

Baba ni fundi cherehani. Siku hizi mimi ndiye namtungia uzi kwenye sindano. "Macho haya," husema, na sisi wote tunayalaumu macho.

Nilitandaza picha mbili mezani. Kesho yake mwalimu wetu wa darasa la jioni la upigaji picha angechagua mtu mmoja wa kujifunza kazi studioni kwake, na nafasi hiyo nilikuwa naiota hata nikifua nepi. Sharti lake lilikuwa moja: useme kwa sentensi moja picha yako inamwonyesha nini mtu asiyewajua hao watu. Ukishindwa, basi hiyo ni ya kuweka kwenye albamu tu.

"Peleka hii," baba akasema. Humo tumekaa wima, tumependeza, tumekodoa macho.

"Kama tunasubiri kusomewa hukumu," mume wangu akadakia.

"Nyamaza wewe. Koti hilo nimelishona mimi."

"Ndiyo maana sipumui!"

Ya pili niliipiga wakiwa wamenisahau, siku ya mvua. Mume wangu anacheka, binti yetu Chiriku, asiyeficha neno, ananing'inia kitini, baba yuko na kikombe chake kwenye kisahani, mama ubavuni pake anatazama dirishani. Naipenda mno. Kwa nini? Hapo ndipo nilipokwama.

"Hii kidole kilikuponyoka tu," mume wangu akasema. "Naonekana mpaka kimeo cha kooni!"

"Iache hiyo, mwanangu," mama mkwe akasema upesi. "Hata kamera sijaiangalia."

Basi nikaanza kuitia ile ya kwanza kwenye bahasha. Baba akanishika mkono. Akaivuta ya pili, akaitazama weee, kwa macho yale yale tunayoyalaumu.

"Mzee, watajua," mama akanong'ona.

"Wajue tu, mke wangu. Chiriku, njoo umsaidie mama yako. Bibi anafanya nini hapa?"

Mtoto akapanda kitini, akagusa picha kwa kidole chenye sukari.

"Bibi anamshikia babu kisahani kisilie ti-ti-ti."