Kilichokuwa Kwenye Chai

Bi Hadia alikuwa akikunja kanga za Mwanabaraka, mke wa mwanawe, huku roho yake haijatulia. Saa nne asubuhi hiyo Mwanabaraka alitakiwa wodini kuanzishiwa uchungu, maana mimba ilishapitiliza siku zake.

"Mama, mpira wa kulalia umeuweka?"

"Nimeuweka. Na mabeseni haya mawili."

"Mabeseni mawili jamani, kwani nahamia?" Mwanabaraka alicheka, kisha akachukua kadi ya kliniki. "Nesi kanikanya nisiguse dawa ya miti. Eti ikikutana na ile yao, kizazi kinaweza kupasuka."

Bi Hadia alikaa kitandani. Alfajiri alichemsha mizizi na kuichanganya kwenye chai ya tangawizi, ili uchungu uje wenyewe bila dripu. Angenyamaza, nani angejua? Akalitazama lile tumbo, akasema.

"Mwanangu, chai ya leo haikuwa tangawizi tupu."

Mwanabaraka aliacha kucheka. "Nimekunywa kikombe kizima, mama."

"Najua. Nimekumiminia mwenyewe."

Kwenye bajaji, kutoka Gongo la Mboto mpaka hospitali, Mwanabaraka alitazama barabara tu. Walipofika mapokezi Bi Hadia alitangulia, akamweleza nesi mzizi gani, kiasi gani na saa ngapi. Nesi aliandika yote.

"Leo hatumwanzishi, bibi. Tunamlaza, tumwangalie kwanza."

Mwanabaraka, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, alisogea kumpisha. "Kaa, mama," alisema. "Umesimama muda mrefu."