Funguo Ndani ya Friji

Mzee alikuwa amevaa suti. Mama Kimya alipoiona pale mlangoni, nyeusi, imepigwa pasi mpaka inang'aa viwikoni, akavunjika moyo. Alikuwa amemwambia kwa simu avae kawaida, shati lake la kila siku tu, na mzee akajibu "naam, nimekusikia" kwa sauti ya mtu ambaye suti yake tayari iko kwa dobi.

Jina hilo la Mama Kimya alipewa na wateja, na hakuna aliyemwonea. Kazi yake ni kutayarisha video, na anajitegemea: hana ofisi, hana msaidizi, na kamera, taa na maiki zake zinaishi kwenye buti la gari. Akiingia nyumba ya watu kumhoji mtu, jambo la kwanza ni kunyamazisha kila chenye mdomo na kisicho na mdomo. Simu zimezimwa? Saa ya ukutani itolewe betri. Kuku wafukuzwe dirishani. Picha mbaya mtazamaji atakusamehe, husema, lakini sauti mbaya atakuzimia. Adui yake mkubwa ni friji, kwa kuwa linanguruma likijisikia na kunyamaza likijisikia. Hilo hulizima, kisha hutupa funguo za gari ndani yake. Ni desturi ya watu wa kazi hiyo. Bila funguo huondoki, na ukirudi kuzichukua utakumbuka kuliwasha, nyama za watu zisije zikaoza.

Siku hiyo alilotakiwa kuleta lilikuwa neno moja tu.

Binti wa mzee, anayefanya kazi mji mwingine, ndiye aliyemwajiri. "Kesho asubuhi baba anafanyiwa upasuaji," alimwambia kwenye simu. "Uvimbe uko kooni, wanatoa kisanduku chote cha sauti. Hatasema tena. Na mimi basi litanifikisha ameshaingizwa ndani." Kisha akashusha sauti. "Picha zake ninazo tele, mama. Nataka sauti. Nataka aniite Kiroboto. Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo, na sina hata mara moja niliyoihifadhi. Tulikuwa tunaongea tu, nani alijua?"

"Si nitamwomba alitaje?"

"Thubutu! Ukimwomba atalisoma kama hukumu. Humjui baba yangu. Liache lije lenyewe."

Sasa Mama Kimya alikuwa anamjua. Mzee alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote ya kazi. Ndiye aliyesimama mlangoni akiita kesi, majina matatu matatu, herufi zote zikitamkwa, na watu kwenye korido wakikaa sawa hata kama hawakuitwa wao. Sauti ile ilikuwa bado ipo, imekwaruzika kidogo tu pembeni.

"Mzee, tuanze polepole," Mama Kimya alisema, akambania kimaiki kidogo kwenye shati, chini ya tai. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa njugu kinachorekodi chenyewe, chenye kitaa chekundu. "Mimi sauti yangu haitasikika, nitaikata. Kwa hiyo nikikuuliza, swali liingie ndani ya jibu. Nikisema, ulizaliwa wapi, wewe usiseme 'kijijini'. Sema 'nilizaliwa kijijini'. Sawa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Niambie kuhusu binti yako."

Mzee akakohoa, akanyoosha mgongo, akaikazia macho kamera utadhani ni hakimu. "Swali nililoulizwa ni kuhusu binti yangu. Jibu langu ni kama ifuatavyo."

Mama Kimya akafumba macho.

Binti akatajwa kwa majina yake matatu. Ikatajwa tarehe ya kuzaliwa kwake, shule alizosoma kwa mfuatano, na "mke wangu wa ndoa, ambaye ndiye mama mzazi wa mhusika." Mhusika! Mtoto aliyembeba mgongoni! Mama Kimya alitamani kumng'oa ile tai.

"Mzee, ongea na mimi. Usiiangalie kamera. Jifanye tuko wawili tu tunapiga soga."

"Lakini inarekodi?"

"Inarekodi, ndiyo."

"Basi hiyo ni kumbukumbu, binti yangu," mzee alisema kwa upole. "Kwenye kumbukumbu mtu hapigi soga."

Na hapo ndipo fundi wa kuchomelea, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipowasha mashine yake ya kukatia chuma. Mama Kimya akavua vipokea sauti masikioni, akatoka, akambembeleza. Fundi akasema hana neno, atapumzika. Alipumzika kweli kukata chuma, akaanza kukigonga kwa nyundo. Akaendewa tena. Safari ya tatu alikuta fundi amekaa kwenye ndoo, mikono mapajani, amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Aliporudi ndani, saa ya ukutani ikawa inagonga ndani ya masikio yake, tiki, tiki. Akapanda kiti akaitoa betri.

"Tuendelee, mzee. Alipokuwa mdogo, alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Alikuwa mtoto mtiifu."

"Mtiifu wapi!" Sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa ya mke wa mzee, aliyeambiwa mara chungu nzima asiseme kitu. "Alikuwa hakai kitako yule! Unamwogesha huku, anaruka kule!"

"Mama, tafadhali," Mama Kimya aliita. "Kila ukisema, inaingia."

"Samahani, mwanangu. Endeleeni."

Jibu lilikuwa limejileta karibu kabisa, Mama Kimya akaamua kulivuta mkia. "Mzee, mtoto asiyetulia namna hiyo, hapa nyumbani mlikuwa mnamwitaje?"

"Hapa nyumbani," mzee alisema, bila kupepesa, "tulimwita kwa jina lake."

"Muongo huyo!" Sufuria ilianguka jikoni. "Mwambie ukweli! Wewe si ndiye uliyekuwa unamwita—"

"KIMYA!"

Neno lilimtoka Mama Kimya kabla hajafikiri, kama linavyomtoka kila siku, tena mbele ya wazee wa watu. Nyumba nzima ikanywea. Mke wa mzee akachungulia sebuleni, akajifuta mikono kwa kanga, akasema bila hasira kwamba basi yeye atakwenda kukaa kwa jirani mpaka wamalize. Akavaa ndala zake akatoka.

Ukimya ukapatikana, ukimya safi, wa kupendeza, ambao Mama Kimya huuota usiku. Hakuna friji, hakuna saa, hakuna simu, hakuna fundi, hakuna mke. Na ndani ya ukimya ule mzee akakaa na suti yake, akajibu maswali yote mpaka jua likahama dirisha. Mhusika alihitimu masomo. Mhusika aliajiriwa. "Ninamtakia mhusika kila la heri." Kila jibu lilinyooka, na kila jibu lilikuwa limekufa.

Betri ya kamera ilipokwisha Mama Kimya hakuweka nyingine. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Hasira zake zilimwendea mzee, zikamwendea fundi, zikamwendea yule binti aliyempa kazi isiyofanyika na masharti juu. Akamshukuru mzee kwa adabu iliyobakia. Akarudisha betri ya saa, akaiwasha simu ya mzee na kumkabidhi, akakunja stendi, akaanza kuhamisha mabegi. Njiani alikutana na mke wa mzee anarudi.

"Umeridhika, mwanangu?"

"Nimeridhika, mama," alisema, na uongo huo ulimkaa vibaya mdomoni.

Nje, fundi aliyaona mabegi, akaruka kutoka kwenye ndoo na kuwasha mashine kwa furaha ya mfungwa aliyeachiwa. Mama Kimya akapapasa mfuko wa kulia. Akapapasa wa kushoto. Akamwaga mkoba wote juu ya boneti ya gari, ndipo akakumbuka, akajipiga kofi la paji la uso. Akarudi, akapita mlango wa jikoni akiguna peke yake.

Mke wa mzee alikuwa anaosha vyombo kwa kelele za mtu aliyezuiwa kutwa nzima. Mama Kimya akafungua friji, akachukua funguo juu ya pakiti ya maziwa, akabonyeza swichi ukutani. Friji likakohoa, likaanza kunguruma. Na sebuleni simu ikalia.

"We Kiroboto!"

Mama Kimya akaganda, funguo za baridi mkononi.

"Kiroboto, unapiga simu saa hizi kwani hufanyi kazi? Watakufukuza!" Mzee alikuwa anacheka. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, imelegea, imejaa mikwaruzo, inapanda na kushuka. Kupitia mlango wa sebuleni alionekana amevua koti, tai imening'inia, mguu mmoja juu ya kiti. "Ndiyo, ameondoka. Mama wa watu amenihoji mpaka nimejiona nina kesi. Ee, nimejibu vizuri. Mama yako? Si huyo anavunja vyombo."

"Mwambie sivunji!" mkewe alipaza.

"Anasema havunji. Umesikia hiyo? Kimevunjika hicho." Akacheka tena mpaka akakohoa, na kikohozi kikachukua muda wake. Kiliposhuka, sauti ilikuwa chini. "Sikiliza, Kiroboto. Usilie sasa. Kuanzia kesho nikikupigia utasikia kimya, usikate. Nitagonga. Hivi." Akagonga meza kwa kifundo cha kidole. "Nikigonga mara moja, nimekusalimia. Nikigonga mara mbili, nakuuliza, umekula? Na wewe ujibu kwa mdomo, usinigongee, wewe mdomo unao. Haya. Nani atakuwekea chakula njiani? Beba maji. Haya, Kiroboto. Haya, mwanangu."

Akakata simu. Mkewe alikuwa ameacha kuosha, mikono ndani ya povu.

Mama Kimya alikuwa akikitazama kifua cha mzee. Pale kwenye shati, chini ya tai iliyolegea, kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Katika hasira zake alikuwa amekusanya kila kitu isipokuwa kimaiki. Kosa la mwanagenzi, ambalo angemcheka mwenzake kwa mwaka mzima.

Angeweza kukichomoa na kuondoka zake. Akili ilimwambia hivyo hivyo. Lakini neno hilo lilikuwa la mzee na mwanawe, halikusemwa kwa ajili yake.

"Mzee," alisema akiingia sebuleni, "nisamehe. Maiki ilikuwa imewaka. Uliyoyasema yote yameingia."

Mzee akajitazama kifuani, akarudisha mguu chini haraka. "Na simu?"

"Na simu."

"Lo! Nimeropoka ovyo, na wewe unarekodi?" Tayari alikuwa anakaza tai. "Futa. Futa hayo, lete kamera, turudie kwa utaratibu."

"Mzee, hayo ndiyo—"

"Kumbukumbu haiwi hivyo, binti yangu! Mashine ya fundi inalia, vyombo vinalia, mimi nacheka kama mlevi. Mtu atasikiliza hiyo nini?"

Maneno ya Mama Kimya yaleyale! Hayo ndiyo aliyowaambia wateja miaka nenda rudi, na sasa yalikuwa yanamrudia kutoka kwenye mdomo wa mzee mwenye suti. Akavua vipokea sauti shingoni, akaviunganisha na kile kimaiki, akarudisha nyuma, akamvisha mzee masikioni.

Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Uso haukuonyesha kitu. Mahali fulani midomo ikachezacheza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavivua taratibu na kumgeukia mkewe.

"Ndivyo ninavyosema?"

"Ndivyo," mkewe alisema. "Siku zote."

"Hata Kiroboto nalisema hivyo? Kwa makelele hivyo?"

"Tangu anazaliwa. Mwache binti yako asikie, bwana. Yale ya suti ndiyo yafutwe."

Mzee alikaa. Fundi alikuwa anakata chuma, friji linanguruma, saa inagonga, na Mama Kimya hakutaka hata kimoja kinyamaze. Tayari alijua hatasafisha chochote. Yatakwenda yote, vyombo na nyundo na kikohozi.

"Kampelekee," mzee alisema.

Mama Kimya akakitia kimaiki mfukoni kwa uangalifu, akaaga. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia nyuma yake kifundo cha kidole juu ya meza. Koh. Koh.

Aligeuka. Mzee alikuwa anamtazama, midomo imefungwa, anasubiri.

"Bado, baba," Mama Kimya alisema. "Tangu asubuhi."

Na mke wa mzee tayari alikuwa anavuta kiti.