Maji Yasiyochemshwa

Sampuli ya maji ililala maabara kwenye kabati la joto, na asubuhi vijidudu vya kinyesi vilikuwa vimejaa kwenye kisahani. Sikushangaa. Ng'ombe wa kwetu Roscommon wanalisha mlimani juu ya chemchemi ya mtakatifu wetu, na mvua ya huku haina likizo. Kilichonikata maini ni mzee Fintan.

Jirani yangu huyo alikuwa akitibiwa saratani ya damu. Dawa zilimwondolea kinga, daktari akasema hata mafua yanaweza kumuua. Mkewe, Nuala, alimnywesha maji ya chemchemi kila siku, mabichi. Kwetu maji ya mtakatifu hayachemshwi. Ukiyaweka jikoni umemtukana mtakatifu mwenyewe. Nilishawahi kumsihi Nuala ayachemshe, akaninunia wiki nzima.

Nilimkuta Fintan peke yake kando ya jiko, amejifunika blanketi, anatetemeka.

"Karibu, bibi vichupa," akanitania. "Umekuja kumpima mtakatifu tena?"

"Nimeshampima. Maji ni machafu, mzee. Homa imekuanza lini?"

"Jana." Akanishika mkono. "Nuala asijue. Nikifa, asije akaishi akisema ameniua kwa mkono wake. Niapie, Gráinne."

"Acha hizo, twende hospitali."

"Niapie kwanza, la sivyo sitoki hapa."

Nikaapa, ningefanyaje? Gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya Galway, Nuala akiwa naye. Mimi nikaenda kubandika tangazo chemchemini: MSINYWE.

Fintan alirudi ndani ya jeneza. Tulimzika kwenye matope, tukanywa chai, watu wakamsifia. Mimi niliwachukia wote, ng'ombe na mtakatifu pamoja.

Siku chache baadaye Nuala akabisha hodi, ameshika mfuko.

"Mwanangu, nimeona tangazo lako. Maji yalichafuka lini?"

Alikuwa amekonda, koti la marehemu linampwaya mabegani. Sikuweza kumwambia ukweli.

"Juzi tu, mama. Baada ya ile mvua kubwa."

Akashusha pumzi, machozi yakamtoka. "Afadhali. Basi Fintan wangu aliyanywa yakiwa safi." Akatoa chupa mfukoni. "Hii mpelekee mama yako, na kile kifua chake. Usiogope, ni ya zamani. Imebaki hii moja."

"Nyingine ziko wapi?"

"Si niliwagawia wale wagonjwa wa wodini kwa Fintan? Maskini, vichwani hawana hata unywele. Walifurahi kweli, wakaniombea."

Nilitaka atoke kwanza, nilitaka kumwambia aende akanunue maziwa, chochote. Lakini wodini huenda kulikuwa na mtu anayeinua glasi wakati huohuo. Nikachukua simu, nikapiga hospitali, Nuala amesimama mbele yangu ananisikiliza.

"Wazuieni wasinywe maji ya zile chupa," nikasema. "Ndiyo. Ndiyo, ndiyo yaleyale aliyokunywa mzee Fintan."

Nuala akaketi sakafuni.